Mafundi wa bendera na nembo pale Mbuyuni, Moshi: wamenishonea bendera ya Minas Gerais, mrejesho wangu huu hapa

Wadau wa Moshi na Arusha habarini. Niliahidi nitaleta mrejesho kuhusu wale mafundi wa ghorofani Mbuyuni, nimechelewa maana msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto, ila leo nimekaa naandika yote. Mwenye haraka achukue hili kwanza: kama unataka bendera au nembo ya kudarizi ya kitu ambacho fundi hajawahi kukiona toka azaliwe, nenda kwa hawa wamama. Watachelewesha, simu hawapokei, lakini kazi utakayoondoka nayo utaionea fahari.

Sasa kisa chenyewe. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa huku Kibosho. Mwaka huu tulipata ugeni wa watu tisa kutoka Brazil, wakulima wenzetu kabisa, wanatoka jimbo linaitwa Minas Gerais. Kwa wasiojua, Brazil ndo inaongoza dunia nzima kwa kahawa, na hilo jimbo peke yake linatoa karibu nusu ya kahawa ya Brazil, yani wale ni wakulima hasa. Jimbo lenyewe lina eneo kubwa kupita nusu ya Tanzania na watu zaidi ya milioni 20, na kama hayo hayakuambii kitu basi Pelé alizaliwa huko, mji wa Três Corações. Mwenyekiti wetu mzee mmoja makini sana akasema mgeni hapokelewi kwa bendera ya nchi peke yake, hawa ni watu wa Minas, watafutiwe bendera ya Minas na nembo ya Minas, na aproni zetu za kuonjea kahawa ziwekwe ile nembo upande mmoja na jina la kikundi upande wa pili. Kazi nikapewa mimi.

Bendera ya Brazil haikunisumbua, niliipata Arusha mjini siku ileile, pale bendera za nchi zinapatikana kwa ajili ya mikutano. Ila ukitaja jimbo watu wanakuangalia tu. Brazil ina majimbo 26 na wilaya moja ya makao makuu, na kila jimbo lina bendera yake na nembo yake, sasa nani Arusha ataweka stoo bendera ya jimbo.

Nikaingia kwanza kwenye duka moja la kuprinti, silitaji jina, nikawaachia picha na advansi ya 60,000. Siku ya kwanza wakanitumia wasap dizaini ya bendera ya Bahia! Ni jimbo lingine kabisa, lina mistari myeupe na myekundu na kona ya bluu yenye pembetatu nyeupe. Nikasema sawa, pembetatu na pembetatu, mtu anaweza kuchanganya. Nikawarudishia picha sahihi. Nilipoenda kuchukua nikakuta wameivuta upana ili ijae kwenye roli yao, bendera ya Minas inatakiwa iwe 7 kwa 10 wao wameifanya ndefu kama bango la msiba, pembetatu imelala chini kama paa la banda la kuku. Na mbaya zaidi maneno. Kwenye ile bendera kuna neno la Kilatini QUÆ, hiyo A na E zimeungana kuwa herufi moja, fonti yao haikuwa nayo kwa hiyo pale pametokea kiboksi kitupu. Kiboksi! Katikati ya kauli ambayo watu wa Minas wameibeba zaidi ya miaka 200. Nikaonyesha, kijana wa pale akanijibu "dada kwa mbali haionekani". Hela sikurudishiwa na nimeshasamehe ila lile jibu bado linaniuma.

Nikarudi Moshi nimekata tamaa. Mama mmoja anayeuza vitambaa Mbuyuni ndo akanielekeza, akasema panda pale juu, kuna wamama wanashona bendera za parokia, joho za kwaya na nembo za shule, ukishindwa kwa wale huna pengine pa kwenda.

Ni chumba kimoja tu. Cherehani tano, ovaloki moja, na mashine ya kudarizi ya kompyuta imefunikwa kanga isiingie vumbi. Mama mwenye ofisi ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo akaitikia, akapokea ile karatasi yangu ya picha akavaa miwani yake. Wengine wote niliopita kwao swali la kwanza lilikuwa saizi gani na unataka lini. Huyu mama akaniuliza, "Mwanangu, hii pembetatu ni ya nini?"

Nikashtuka, maana na mimi nilikuwa nimesoma juujuu tu. Nikamwambia nipe siku moja. Usiku nikakaa na simu nikasoma, kesho yake nikarudi nikamweleza, na hapa naomba mnivumilie niandike kidogo kwa sababu bila hii huwezi kuelewa kwa nini nasifia kazi yao.

Minas Gerais maana yake ni kama kusema migodi ya kila namna. Ilikuwa nchi ya dhahabu, na Mreno ndo alikuwa mtawala. Kila dhahabu iliyochimbwa sehemu moja ya tano ni ya mfalme, na baadaye ikawekwa kiwango cha mwaka cha arroba 100, hiyo ni kama kilo 1,500. Dhahabu ikaanza kuisha ardhini ila kiwango hakikushuka, deni likawa linajilimbikiza, mwaka 1789 ikasikika kwamba serikali itapita kukamua wananchi wafidie deni lote kwa mkupuo. Kundi la watu wa mji wa Vila Rica, ambao leo unaitwa Ouro Preto, wakapanga kwa siri kujitoa kwa Mreno wawe jamhuri. Wakachagua na bendera kabisa. Pembetatu, kwa ajili ya Utatu Mtakatifu, na maneno kutoka kwa mshairi wa Kirumi Virgil: LIBERTAS QUÆ SERA TAMEN. Uhuru, ijapokuwa umechelewa.

Wakasalitiwa kabla hawajaanza. Wengi walikamatwa, ila aliyebebeshwa mzigo wote ni mmoja, Joaquim José da Silva Xavier, askari wa cheo cha chini aliyekuwa anang'oa watu meno, ndo maana wakamwita Tiradentes, yani mng'oa meno. Alinyongwa Rio de Janeiro tarehe 21 Aprili 1792, mwili wakaukata vipande, kichwa wakakipeleka Vila Rica kikatundikwa juu ya nguzo katikati ya mji watu wakione. Kile kichwa kikatoweka, hakijapatikana mpaka leo. Tarehe 21 Aprili Brazil nzima ni sikukuu.

Nilipofika hapo yule mama akaweka karatasi chini. Yeye ni mtu wa Old Moshi. Akasema taratibu, "Kwa hiyo na wao wana Mangi Meli wao."

Mimi ni Mchaga nimezaliwa hapahapa na nilikuwa sijaliona hilo. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, walimnyonga Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 palepale kwao, pamoja na wenzake, na ukoo wake mpaka kesho unatafuta kichwa chake Ujerumani. Cherehani zikanyamaza zote, wale mabinti wakawa wanasikiliza. Mama akavua miwani akafuta, akasema bendera hii tutaishona kwa mkono pale penye herufi, mashine haitagusa maneno. Sikumuomba mimi.

Basi kuanzia hapo ikawa kazi yao kama yangu. Mmoja wa mabinti akatafuta kwenye simu akakuta picha nyingine ina pembetatu ya kijani, akauliza ipi sahihi, na lilikuwa swali zuri mno, maana bendera ya wale waliokula njama ya 1789 huwa inachorwa na kijani, ila bendera rasmi ya jimbo pembetatu ni nyekundu, rangi ya mapinduzi, kwenye nguo nyeupe. Na rasmi ilipitishwa kwa sheria Januari 1963, mwezi mmoja tu baada ya Tanganyika kuwa jamhuri. Mama aliposikia akasema "wenyewe kumbe nao ilichelewa", miaka 170 na zaidi toka yule bwana anyongwe.

Sasa ushonaji wenyewe. Bendera ni sentimita 105 kwa 150, hiyo 7 kwa 10 kamili, mama kaipima kwa futi mbele yangu. Pembetatu ameikata kwenye kitambaa chekundu kizito kidogo, pande zote tatu zinalingana, akaipachika kwa mshono wa zigizaga mdogo sana uzi uleule mwekundu kiasi huoni mshono mpaka uguse. Kuna kitu sikukijua kuhusu bendera zenye maandishi, ukishona kwenye nguo moja, nyuma yake maneno yanasomeka kinyume. Mama akasema hii itapanda mlingotini, mgeni akisimama upande wa pili asome nini? Akashona mbili mgongo kwa mgongo, na katikati akaweka kitambaa chepesi cheupe ili wekundu wa upande mmoja usijitokeze upande mwingine. Ikawa nzito kidogo, inahitaji upepo wa kutosha kupepea, aliniambia hilo mapema na kweli ndivyo ilivyo.

Maneno yanakaa kuzunguka pembetatu: LIBERTAS inapanda upande wa kushoto, QUÆ SERA inashuka kulia, TAMEN iko chini. Ile Æ mama kaidarizi mwenyewe. Nilikaa namwangalia. Alichora kwanza kwa chaki, mguu wa A wa kulia ndo huohuo mgongo wa E, hakuna nafasi katikati, halafu akaanza kujaza uzi mweusi mshono mmoja mmoja uliolala kuelekea upande mmoja. Herufi moja ilimchukua zaidi ya nusu saa, na ana upande wa pili wa bendera wa kurudia hivyohivyo. Mshono wake ni laini ukipitisha kidole unasikia kama ngozi ya jani la mgomba.

Nembo sasa, hiyo ndo ilikuwa na kazi. Nembo ya Minas ni ya zamani kuliko bendera, ya 1891, tena tarehe yenyewe imeandikwa kwenye riboni, 15 de Junho de 1891, siku ya katiba ya jimbo. Kuna nyota nyekundu ya ncha tano, ndani yake zana za mchimbaji, sululu na taa, ileile kauli ya uhuru imezunguka, na pembeni tawi la kahawa upande mmoja na la tumbaku upande wa pili. Tulitaka vipande 12 vya kushonea kwenye aproni, upana sentimita 9. Hivi vilipigwa mashine, hapa mkono usingewezekana.

Sampo ya kwanza nikaikataa, na nashukuru hawakununa. Punje za kahawa zilikuwa zinaning'inia kama zabibu! Sisi tuliokulia kwenye kihamba, yani shamba la nyumbani la Kichaga, hicho hakipiti. Kesho yake nikawaletea tawi lenyewe toka shambani, lina buni nyekundu zimeiva. Nikawaonyesha, majani yanatoka mawili mawili yametazamana, na buni zinajibana palepale kwenye shina la jani, zimekumbatia tawi, hazining'inii. Kijana wa mashine akalipiga picha, akakaa kwenye kompyuta karibu siku nzima anarekebisha. Sampo ya pili ilipotoka nilitamani kulia. Kipande cha sentimita 9 lakini unaona kabisa hii ni kahawa, kila buni ina kitone cha uzi wa rangi ya waridi pale mwanga unapogonga.

Tumbaku mimi sijui, Kilimanjaro hatulimi. Bahati huyohuyo kijana kwao ni Urambo, Tabora, kakulia kwenye tumbaku, akasema majani hayo hayakai mawilimawili kama ya kahawa, yanapishana, ni mapana na maua yanakaa juu kabisa. Kwa hiyo tawi moja la nembo limesahihishwa na mtu wa Kibosho na lingine na mtu wa Urambo, mimi hicho kitu nakipenda mpaka sasa hivi naandika.

Tukiwa tunasubiri mashine, mama akatoa hela kwenye kibweta akatuonyesha nembo yetu ya taifa, mlima Kilimanjaro chini pale, karafuu na pamba miguuni pa yule mwanamme na mwanamke, na maneno Uhuru na Umoja. Akasema kila mtu anaweka kwenye nembo kile kinachomlisha na kile alichokifia. Kahawa ya Brazil ipo hata kwenye nembo ya taifa lao, nayo vilevile tawi la kahawa na la tumbaku.

Bei: bendera kubwa 95,000, vipande vya nembo 6,500 kimoja, na bendera ndogo kumi za mezani 7,000 kila moja, hizo ni za kuprinti kwenye satini halafu wanakunja pindo wenyewe. Bendera ndogo ni za kawaida tu, maandishi yanasomeka na Æ ipo, zaidi ya hapo sina la kusifia. Lakini hiyo kubwa, kwa kazi ya siku nne ya mkono, hata wangesema 150,000 ningelipa.

Kasoro zao sasa, maana nimeahidi kusema yote. Waliniambia siku saba zikawa kumi na moja. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo na mashine ya kudarizi haina betri, ikizimika katikati ya kipande kile kipande kinaharibika unaanza upya, sasa hilo sio kosa lao ila kunijulisha ilikuwa ni kosa lao, nilipiga simu mara sita hakuna aliyepokea nikalazimika kushuka mjini na hiace kuja kuuliza tu. Wageni walikuwa wanafika Jumatano, mzigo nimeupata Jumanne saa moja usiku, nilikuwa na presha kweli. Na risiti uiombe mapema, usisubiri unaondoka, mwenye kuitoa huwa hayupo kila wakati. Ngazi ni nyembamba na hazina taa, mwenye mzee wake asimpandishe jioni.

Siku yenyewe. Bendera tuliipandisha uwanjani kwetu saa nne asubuhi, upepo wa mlimani ulikuwepo, ikakunjuka vizuri. Wale wageni waliposhuka kwenye gari walikuwa wanaongea na kucheka, wakaiona wakanyamaza. Mmoja wao, baba mmoja wa makamo mwenye mikono migumu kama ya babu yangu, akaenda moja kwa moja mlingotini, akashika ncha ya bendera akaivuta karibu na uso, akapitisha dole gumba kwenye ile Æ. Akaigeuza. Akakuta na upande wa pili inasomeka. Akamuuliza mkalimani nani kaishona, nikasema ni mama mmoja Mbuyuni, nikamweleza na habari ya Mangi Meli, mkalimani ilimchukua muda kuifikisha. Yule baba akavua kofia. Kesho yake badala ya kwenda kuona maporomoko ya Materuni kama ratiba ilivyosema, wakaomba wapelekwe Old Moshi.

Na kabla ya hapo wakapita Mbuyuni, wote tisa kwenye zile ngazi. Mama hakujua kama wanakuja, alikuwa anakunja joho za kwaya. Yule baba akampa mkono akasema "aika", yani asante kwa Kichaga, nilimfundisha garini, mama akaitikia huku anacheka, akawatolea viti, viti vikawa vitatu tu wengine wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Wakaomba bendera nyingine kama ileile wakaitundike kwenye ofisi ya ushirika wao, ishonwe na mkono uleule. Advansi imeshalipwa, safari hii mama kaandika wiki tatu na nimemwambia bora iwe hivyo.

Mnaotaka kwenda: ukitokea stendi kuu uliza soko la Mbuyuni, upande wa maduka ya vitambaa, waulize wamama wa pale "mafundi wa joho" watakuonyesha ngazi. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hawapo. Nenda mwenyewe usitume mtu, beba picha iliyo safi, kama ni mmea beba tawi, na ujue kabisa hicho unachotaka kushonewa kina maana gani kwa sababu mama atakuuliza.